Maji Meupe ya Karakana

Nilianza kujifunza ukerezaji mwaka 1974, nikiwa na miaka 18. Siku ya kwanza mzee aliyenifundisha alinipa ndoo. "Mwanangu," akasema, "tangulia maji, kisha mafuta, sehemu 20 kwa 1. Ukigeuza, hayachanganyiki vizuri." Ndoo ikawa nyeupe kama maziwa.

Maji hupoza, alinieleza. Mafuta hulainisha na kuzuia kutu. Chuma cha pua kilitaka maji yale bila kukoma. Alumini tuliidondoshea mafuta ya taa. Chuma cha kusubu tulikikata kikavu, kwa sababu kina grafaiti inayokilainisha chenyewe, na unga wake ukilowa hugeuka tope.

Miaka mingi baadaye nilisoma asili ya desturi hiyo. Mwaka 1883, katika kiwanda cha Midvale mjini Philadelphia, Marekani, Frederick Taylor aliona kwamba maji mengi yakimwagwa pale hasa chuma kinaponyolewa, kasi ya kukata inaweza kuongezwa kwa asilimia 30 hadi 40. Mwaka uliofuata ilijengwa karakana mpya, kila mashine ikiwa ndani ya sinia la kukusanyia maji yaliyotiwa magadi yasilete kutu. Habari hizo Taylor alizitangaza mwaka 1906.

Nilipofika hapo nilikumbuka mikono ya mzee. Faida ya kasi ilipimwa mapema sana. Mikono yetu hakuna aliyeipima. Tangi letu lilikaa miezi bila kumwagwa. Jumatatu, mashine zikiwa zimelala siku mbili, lilinuka kama yai viza, maana vijidudu vilikuwa vimezaliana humo. Mzee alijifuta kwa tambara lenye chembe za chuma. Ngozi yake ilipasuka na kuwasha hadi viwikoni. Sisi tulisema ni ukurutu tu. Aliacha kazi kabla ya wakati wake.

Kumbe mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Uingereza, walikwisha kueleza saratani ya ngozi kwa wasokota pamba ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine. Habari hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka 50 nilipopewa ile ndoo, lakini haikuwa imefika kwetu.

Leo kijana akija kwangu kujifunza, namwonyesha kwanza sabuni na tambara safi. Ndoo hufuata.