Kitabu cha Senti 75

Katika rafu ya chumba changu cha kusomea pana kitabu kidogo cha jalada laini ambacho mwandishi wake alikihesabu kuwa mali ya wizi. Ni The Two Towers, juzuu ya pili ya The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, toleo la kampuni ya Ace Books ya New York, mwaka 1965. Jalada limechorwa na Jack Gaughan, na bei iliyochapwa juu yake ni senti 75. Nilikinunua kwa dola moja nilipokuwa masomoni Marekani, kutoka katika sanduku la vitabu vya mtumba lililowekwa nje ya duka.

Nakusanya riwaya za aina hiyo, za fantasia na za bunilizi ya kisayansi, zilizochapwa kati ya miaka ya 1950 na 1970. Wenzangu hunicheka. Karatasi zake za bei rahisi zina tindikali na hujila zenyewe. Unyevu wa Dar es Salaam humalizia kazi hiyo. Lakini mwanahistoria hujifunza mengi kwa vitu ambavyo havikukusudiwa kudumu. Ace hao hao, kuanzia mwaka 1952, walikuwa wakiunganisha riwaya mbili katika kitabu kimoja, migongo ikielekeana, ukigeuza kitabu unakuta jalada la pili. Riwaya ya kwanza ya Philip K. Dick ilitoka hivyo mwaka 1955, na ya Ursula K. Le Guin mwaka 1966. Vilikuwa vitabu vya mfanyakazi anayesubiri basi.

Turudi kwenye juzuu yangu. Tolkien alikuwa profesa mstaafu wa Oxford, mwenye umri wa miaka 73, Ace walipochapa riwaya yake bila ruhusa yake na bila kumlipa. Mhariri wao, Donald Wollheim, hakujificha. Alidai kwamba kitabu hicho hakikuwa na hakimiliki nchini Marekani, na sababu aliyoitoa ndiyo inayonifanya niandike makala hii.

Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Marekani, ya mwaka 1790, iliwalinda raia na wakazi wa nchi hiyo peke yao. Kwa miaka 101 wachapishaji wa New York na Philadelphia walichapa kazi za Waingereza wapendavyo. Charles Dickens alipozuru huko mwaka 1842 alilalamika hadharani, na magazeti yakamshambulia kwa kukosa adabu ya mgeni. Mwaka 1891 mgeni akapewa haki, lakini kwa sharti: kitabu chake kipangwe herufi ndani ya Marekani. Sharti hilo liliwalinda wapanga chapa na wenye mitambo. Lilikuwa sera ya viwanda iliyovaa joho la sheria ya waandishi. Baadaye lililegezwa, na nakala 1,500 zikaruhusiwa kuingizwa kutoka nje kwa muda. Kampuni ya Houghton Mifflin, iliyokuwa ikiuza Tolkien kwa jalada gumu na kwa karatasi zilizochapwa Uingereza, ilivuka idadi hiyo. Wollheim akauona mwanya akapita.

Tolkien hakukimbilia mahakamani. Alirekebisha maandishi yake ili toleo jipya liwe na hakimiliki isiyo na shaka, na Ballantine wakalichapa mwezi Oktoba 1965 kwa senti 95. Nyuma ya jalada aliwaomba wasomaji wanunue hilo tu, kwa heshima ya mwandishi aliye hai. Kila Mmarekani aliyemwandikia barua alijibiwa na kuelezwa habari ya Ace. Wasomaji, wengi wao wanafunzi, walikubali kulipa senti 20 zaidi. Chama kipya cha waandishi wa bunilizi ya kisayansi nacho kilishinikiza, na mwaka 1966 Ace wakakubali kulipa mrabaha na kutochapa tena. Mahakama ya New York ilikuja kuamua mwaka 1992 kwamba haki za Tolkien hazikuwa zimepotea kamwe. Wakati huo alikuwa amekwisha kufa kwa miaka 19.

Siwatetei Ace. Hata hivyo, walithibitisha jambo ambalo wachapishaji halali walisitasita kulijaribu kwa muongo mzima: kwamba palikuwa na umati uliokitaka kitabu hicho kwa bei ya mtu wa kawaida.

Marekani ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989. Tanzania ilijiunga mwaka 1994, miaka 33 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, na mwaka huo huo Marekani ikiwa mstari wa mbele kuyafikisha mataifa yote kwenye mkataba wa hakimiliki za kibiashara. Waliojipa karne nzima ya kunakili wanaandika leo ripoti za kila mwaka juu ya nani ananakili. Ofisa wetu anayepelekwa Geneva kujadiliana na aijue historia hiyo.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alibisha hodi ofisini. "Shikamoo Dokta. Naomba unisainie kitabu." Alichonipa ni fotokopi ya kitabu changu chote, kuanzia jalada hadi faharasa, imebanwa kwa waya wa plastiki. Nilihisi damu ikipanda. Nikamuuliza kwa nini hakununua.

"Nimezunguka maduka yote, Dokta. Hakuna."

Alisema kweli. Kitabu kimekwisha madukani kwa zaidi ya miaka miwili, na mchapishaji hajakirudia. Mwenye mashine ya kopi alilipwa shilingi 8,000. Mchapishaji hakupata kitu, nami sikupata kitu, lakini kijana alikuwa amepigia mistari sura ya nne yote kwa kalamu nyekundu, na pambizoni ameandika maswali mawili ambayo sikuwa na majibu yake.

Nikasaini. Jioni ile nilimwandikia mchapishaji nikiomba toleo la karatasi nyepesi, la bei ambayo mwanafunzi anayeishi kwa mkopo anaweza kuimudu, au anirudishie haki zangu nichape mwenyewe. Ni mwezi wa tatu sasa. Bado nasubiri jibu.