Kisanduku chenye nyota nyekundu: historia ndogo ya fomu, kutoka 1910 mpaka Lac Vert

Wengi wetu tukimaliza masomo, kazi ya kwanza tunayopata ni ya kuingiza majina ya watu mu mashine: kwa kampuni ya simu, kwa koperative ya akiba, ao kwa shirika la misaada. Leo nataka tuongee juu ya kazi hiyo, lakini kwa njia ya historia.

Mwaka 2023 nilipata mkataba wa miezi mitatu wa kuandikisha wakimbizi wa ndani ku Lac Vert, ile kartiye ya magharibi ya Goma, barabara ya kwenda Sake. Vyombo vya kazi vilikuwa tableti na jiwe la volkano la kukalia. Swali lenye nyota nyekundu lilikuwa la lazima. Usipolijibu, mashine haikuruhusu kwenda mbele.

Siku moja mama moja kutoka Masisi akaketi mbele yangu. Nikamuuliza tarehe ya kuzaliwa.

— Mutoto wangu, miye banizala mwaka ya vita ya Kanyarwanda.

— Mwaka gani sasa, mama?

— Si nimekuambia?

Kweli, alikuwa ameniambia. Vita ya Kanyarwanda ilipigwa Masisi kati ya 1963 na 1965, na mwanahistoria angefurahia jibu hilo. Lakini mashine ilitaka siku, mwezi na mwaka. Nyuma ya mama kulikuwa mstari wa watu mia na zaidi, na mvua ilikuwa inakuja. Nikaandika 01/01/1964. Nyota ikapotea, nikaita mwingine.

Nyuma ya miezi kadhaa msaada ukapita kwa simu. Laini ya yule mama ilikuwa imeandikishwa na karte yake ya uchaguzi, na ku karte karani mwingine alikuwa ameandika 01/01/1959. Mashine mbili zikalinganisha, hazikupatana, na jina lake likawekwa ku liste ya «kuchunguzwa». Majuma yakapita jirani zake wakipata, yeye hapana. Mama alisema kweli. Mimi nilijaza juu nililazimishwa kujaza. Yule karani wa karte pia, naamini, alifanya vile vile.

Tangu siku ile ninajiuliza: ni nani alianza kutulazimisha kujibu vitu ambavyo hatuna jibu lake?

Tuanze 1910. Tarehe 2 Mei ya mwaka ule, serikali ya Ubelgiji ilitoa dekre juu ya sheferi: kila Mkongomani lazima awe mtu wa sheferi fulani, chini ya chefu anayetambuliwa na serikali. Kabla ya pale, mtu wa milima yetu aliweza kuwa na ukoo upande moja, shamba upande mwingine, na mwami anayemheshimu upande wa tatu. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika mambo matatu. Alikuwa na mstari moja. Kodi ya kichwa ilipokuja, ule mstari njo ulisema nani atakulipisha, na ukitaka kuhama unaomba ruhusa kwa nani. Leo bado, ukiandikishwa mahali popote mu Kongo, unaulizwa asili yako: provensi, teritwari, sekta ao sheferi. Mtoto aliyezaliwa Goma, ambaye hajafika hata siku moja kwenye kijiji cha babu yake, anajibu bila kufikiri. Kile kisanduku ni mjukuu wa 1910.

Kwa jirani zetu, kisanduku kingine kilizaa mabaya zaidi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandikisha watu wa Rwanda na kuwapa karte zinazotaja Hutu, Tutsi ao Twa. Neno moja tu, bila «labda», bila «mama yake ni huyu, baba yake ni yule». Mwaka 1994, ku vizuizi vya barabara, watu waliuawa juu ya lile neno. Nyuma ya mauaji ya kimbari serikali mpya ililitoa ku karte. Waliochapisha zile karte za kwanza walifikiri wanapanga tu kazi ya ofisi.

Hapa kwetu, Mobutu naye alikuwa na kisanduku chake. Mwaka 1972, mu siasa ya kurudia uasili, majina ya kikristo yalikatazwa. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakalazimika kufuata. Postnom ikachukua nafasi ya jina la ubatizo. Nyuma ya 1990, chama kimoja kilipokufa, prenom ikarudi, lakini postnom haikuondoka. Njo maana leo tunajaza majina matatu. Sasa chukua programu ya wateja iliyotengenezwa Ulaya ao Marekani: ina visanduku viwili tu, jina na jina la familia. Moja ya majina yetu inabakia inje, ao mawili yanabandikwa pamoja. Tena mashine inafikiri wenye jina moja ni familia moja, wakati kwetu watoto wa baba na mama moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa. Nimeona nyumba moja ikihesabiwa kuwa nyumba nne.

Turudi Lac Vert, juu mahali hapa pana kumbukumbu ndefu ya liste. Julai 1994, mu siku chache, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma. Kolera iliua makumi ya maelfu. Kambi zikajengwa Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga, na hapa Lac Vert, ambapo wakubwa wa lile jeshi lililoshindwa walikaa. Mwanzoni chakula kilipita mikononi mwa viongozi wa kambi, na wao njo walitoa hesabu ya watu. Hesabu ilipandishwa: kila jina la uongo lilikuwa unga wa kweli, na ule unga uliwapa nguvu juu ya wengine. Mashirika yalidai liste zilizojaa, yakapata liste zilizojaa. Novemba 1996 kambi zikafumuliwa kwa vita, watu wakaenda, wengine Rwanda, wengine mu pori kuelekea magharibi. Liste hazikusema tena mtu yuko wapi.

Na sisi wenyewe, tuna karatasi gani? Hesabu ya mwisho ya watu wote wa nchi yetu ilifanyika 1984. Tangu 2005 karte ya uchaguzi njo inasimama pahali pa karte ya uraia. Lakini uandikishaji wa 2022 na 2023 ulikuta sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru iko mu vita, na teritwari hizo hazikupiga kura Desemba 2023. Watu wake wengi walikuwa wamekimbilia huku kwetu. Basi unamuuliza nambari ya karte, yenye nyota, mtu ambaye hakupata fasi ya kupewa karte. Unamuuliza avenyi na nambari ya parseli, yenye nyota, mtu anayelala chini ya baché juu ya lava. Atafanya nini? Atakupa nambari ya shemeji yake.

Sisemi kisanduku cha lazima ni kibaya siku zote. Bila nambari ya simu, huwezi kumpata mteja. Mgonjwa bila umri, muganga anaweza kukosea kipimo cha dawa. Na karani akiachiwa uhuru wote, ataacha nusu ya fomu wazi ili amalize mbio. Hilo nalo nimeliona, na nimelifanya. Wakubwa wanaoweka nyota wana sababu yao.

Lakini karatasi za zamani zilikuwa na neno moja ambalo tumelipoteza. Angalieni karte za babu zetu: «né vers 1938». Vers: karibu na, kadiri ya. Yule karani wa Mbelgiji, na ukali wake wote, alikuwa na njia ya kuandika kwamba hajui vizuri. Tableti yangu haikuwa nayo. Tumepata mashine inayodai ukweli mwingi zaidi, na tunaipa tarehe za kubuni. Tazameni liste yoyote ya mji huu, muhesabu wangapi walizaliwa tarehe 1 Januari.

Februari 2025, kambi za pembeni ya Goma zikafumuliwa tena, na watu wakaambiwa warudi kwao. Yule mama sijui yuko wapi. Mu mashine, nafikiri, anwani yake ingali «Site Lac Vert», na tarehe ni ile niliyoandika mimi.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi hii, ama kesho utapewa kutengeneza fomu yenyewe, nakuomba vitu vitatu. Kwanza, weka nyota pale tu ambapo bila jibu kazi haiwezekani. Nchi yetu tangu Machi 2023 ina Kodi ya Numeriki, yenye sehemu nzima juu ya kulinda data za watu, isome. Pili, tarehe ikipewa kisanduku, weka pembeni yake kingine cha «kadiri ya», na penye jibu liwe la lazima weka «haijulikani» kama jibu halali. Tatu, acha mstari moja mtupu ambapo karani anaweza kuandika maneno ya mtu mwenyewe. Kama ningekuwa nao, ningeandika: «alizaliwa mwaka wa vita ya Kanyarwanda». Anayekuja nyuma yangu angejua ni nini tulijua na ni nini tulikisia.

Na leo usiku, muulize bibi yako akuonyeshe karte yake ya zamani. Utazame kama iko na «vers».