Kutu ya Njoro

Mji wetu una ugonjwa uliopewa jina lake: Nakuruitis. Si wa watu, ni wa ng'ombe. Mnyama anakula majani hadi tumbo linajaa, lakini anazidi kukonda, damu inapungua, na mwishowe anakufa. Wataalamu walikuja kugundua kwamba udongo wa volkano wa huku una upungufu wa kobalti. Nauanza hapo kwa sababu udongo huo una mkono wake katika safari ya ngano hadi kwenye viwiko vyangu.

Kufikia 1904 Hugh Cholmondeley, yule Lord Delamere wa vitabu vya shule, alikuwa amekodishiwa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 pale Njoro kwa miaka 99. Mwaka huohuo Wamaasai walifungwa na mkataba wa kuondoka sehemu hii ya Bonde la Ufa. Delamere akaliita shamba lake Equator Ranch, akaleta kondoo na ng'ombe wa kigeni. Wakafa kwa wingi, wengine kwa magonjwa, wengine kwa malisho yasiyo na madini. Akageukia ngano.

Ngano nayo ikashikwa na kutu. Kutu ni kuvu inayotoa vipele vya rangi ya matofali kwenye bua, na vikipasuka vinamwaga vumbi linalobebwa na upepo hadi shamba la jirani. Delamere aliajiri mtaalamu wa mimea na kumjengea maabara kwa pesa zake. Mwaka 1908 kampuni ya Unga ikaanzishwa, na mwaka 1927 serikali ikafungua kituo cha kuzalisha mbegu hapo Njoro. Kituo kingali pale, sasa chini ya KALRO. Mbegu za Kenya zilifika hadi Mexico, ambako Norman Borlaug alizitumia kupata aina zilizohimili kutu. Mojawapo iliitwa Kentana, jina lililounganisha Kenya na Mentana, ngano ya Italia. Kutu mpya na kali, Ug99, ilipozuka Uganda mwaka 1998, dunia ilirudi palepale. Tangu 2005 mbegu kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro, ziachwe zishambuliwe, kisha mabua yakaguliwe moja baada ya jingine.

Zaidi ya miaka mia moja, basi, kuna watu Njoro ambao kazi yao ni kuinama na kutazama vipele vya ngano. Nasema hivyo bila kejeli, ni kazi nzuri. Ila mimi nilihangaika miaka minne kabla ya mtu kuinama hivyo juu ya kiwiko changu.

Ugonjwa wangu unaitwa dematitisi hepetifomisi. Vipele vidogo vyenye maji hujikusanya kwenye viwiko, magoti, makalio, mgongo na kichwani, kushoto na kulia kama vile mtu amepima kwa rula. Vinawasha kuliko kitu chochote ninachokijua. Unajikuna usiku, vinapasuka, na asubuhi daktari anaona alama za kucha tu. Kliniki moja iliniandikia BBE, dawa ya upele ambayo kila aliyelala bweni anaijua kwa harufu. Nikapakwa mara tatu. Kisha ikawa mzio wa sabuni, kisha fangasi, kisha stress. Hatimaye daktari wa ngozi alikata kipande kidogo cha ngozi nzima, kando ya vipele, si juu yake. Ndivyo kipimo kinavyofanywa: pembeni hapo, chini ya darubini maalumu, kingamwili za IgA hung'aa kama vumbi lililotua kwenye ncha za ngozi ya ndani.

Jina lilitolewa mwaka 1884 na Louis Duhring, daktari wa Philadelphia. Alivielezea vipele vizuri bila kujua kwamba chanzo kiko mezani. Willem Dicke, daktari wa watoto huko Uholanzi, ndiye aliyeihusisha ngano na ugonjwa wa utumbo uitwao siliaki, na njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipokosekana, ilimpa nguvu ya hoja. Mwaka 1966 madaktari wa Newcastle, Uingereza, wakaonyesha kwamba wenye vipele vya Duhring wana utumbo ulioharibika vilevile, hata wasipolalamika tumbo. Mwenye kurithi jeni fulani akila gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike, mwili wake unaweza kuanza kushambulia kimeng'enya chake mwenyewe. Kwangu mimi vita vinapiganwa kwenye ngozi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli hutokea zaidi Ulaya Kaskazini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta siliaki kwa asilimia 5.6 ya watoto wa Kisahrawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Hao walikuwa watu wa maziwa na nyama ya ngamia hadi ukoloni, na baadaye kambi za wakimbizi, zilipowaletea unga wa ngano. Nikisoma hilo nikiwa Nakuru siwezi kulipita hivihivi. Usipotarajia kitu, hukipimi, na usipokipima unasema hakipo.

Dawa yake, dapsoni, ni ileile ya ukoma. Inatuliza muwasho kwa siku chache, hata nikalia siku ya tatu, lakini utumbo haiuponyi. Pia huvunja chembe za damu, hasa kwa mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida kwenye maeneo ya malaria. Ndiyo sababu Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008. Pima damu kwanza. Tiba ya kweli ni kuacha ngano, shayiri na rai, na ngozi huchukua miezi, pengine miaka, kuamini kwamba umeacha.

Kuacha mkate si kitu. Chapo ndiyo kazi. Chapati ilikuja na Wahindi, reli ikafika Nakuru mwaka 1900, na leo Krismasi bila chapo ni matanga. Nilipomkatalia shosho sahani yake alinitazama muda mrefu.

"Sasa chapati imekukosea nini?"

"Si mimi, shosh. Ni ngozi."

Akafikiri. Kisha akaniambia kwamba mama yake hakuwahi kukanda unga wa ngano maisha yake yote, walikula viazi vitamu, njahi na uji wa wimbi, akainuka akaniwekea githeri.

Wimbi na mtama havina gluteni, ugali pia. Tatizo ni posho mill: mashine inayosaga wimbi langu imetoka kusaga ngano ya jirani. Kwa hiyo huwa nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni, na kuomba mashine ipanguswe. Jamaa wa mashine ananiita Daktari. Kilo mbili za kwanza anawawekea kuku wake.