Jaa la Taka na Mashauri ya Wakazi wa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mwaka 1960, alipochaguliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, malenga na mwanazuoni, kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, wenyeji wengi walitaraji kwamba baraza la mji, lililopata hadhi ya manispaa mwaka 1949, sasa litakuwa mahali pa kufikishia mashaka yao. Taraja hilo halikupewa muda wa kukomaa. Kwani mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa siasa iliyoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zilifutwa, jiji likagawanywa katika wilaya za Kinondoni, Ilala na Temeke, na halmashauri hizo hazikurejeshwa hadi mwaka 1978. Naamini miaka ile iliacha ada mbaya, ya maofisa kukata mashauri pasipo kuwauliza watakaofikwa nayo.

Ushahidi wangu ni jaa la taka la Tabata, ambalo watu wa jiji hulijua kwa jina la dampo. Taka zilimwagwa na kuchomwa jirani na maskani, moshi na uvundo vikaingia majumbani usiku na mchana, hata mwaka 1988, mwaka uleule ambao haki za raia zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zilianza kudaika mahakamani, wakazi wakaishtaki Halmashauri ya Jiji mbele ya Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru umwagaji ukome. Jiji liliporudi kuomba muhula zaidi, Jaji Lugakingira alistaajabu kuona mamlaka ya umma ikija hadharani kuomba idhini ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, akaikumbusha ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda uhai wa kila mtu.

Jiji lilitii kwa kuhamisha balaa. Taka zilipelekwa Kunduchi Mtongani, wilayani Kinondoni, mahali ambapo ramani ya mipango miji ilipatenga kwa makazi, na huko mkazi mmoja pamoja na wenzake 749 walifungua shauri lililosajiliwa mwaka 1991. Watu 750 hawaandikishi majina yao katika dai moja ila kwa kukutana, kuhojiana, na kukubaliana nani awasemee. Basi kazi ya baraza ilifanywa na wakazi wenyewe. Mahakama ilitengua uamuzi wa jiji, ikapiga marufuku umwagaji, na kulitaka litafute mahali panapofaa.

Taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni wilayani Temeke, kisha Pugu Kinyamwezi. Hukumu ziliwaokoa waliofika mahakamani, lakini hazikuwapa baraza wale ambao zamu yao ilifuata. Na hili ndilo linalonisikitisha kuliko uvundo wenyewe.

Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la jiji, ikaweka Tume ya kuliendesha jiji chini ya Charles Keenja, na mwaka 2000 zikazaliwa halmashauri za manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Leo upo mkutano wa mtaa, ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, yupo diwani. Kila jaa jipya linapopangwa, hapo ndipo pa kuuliza upepo wavuma kuelekea wapi, visima viko umbali gani, malori yatapita njia ipi na shule ipi iko kando yake. Na majibu yatolewe hadharani, yaandikwe katika muhtasari, kabla lori la kwanza halijafika.