Kinasa sauti mkononi mwa asiyeona: Mafunzo kutoka Ndia Kuu

ZAMANI za barua za posta, mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa asiyeona aliyeandikiwa na jamaa yake wa Maskati au Dubai hakuwa na budi kumtafuta mtu wa kumsomea. Habari za deni, posa au ugomvi wa mirathi zikapita kwanza kinywani mwa jirani. Kaseti ndiyo iliyobadilisha mambo. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka wa 1963, na baada ya muda ikaenea Pwani nzima. Watu walijirekodi, wakampa msafiri kanda, naye mpokeaji akaisikiliza chumbani mwake, mlango ukiwa umefungwa.

Katika Ndia Kuu, barabara nyembamba inayotoka upande wa Fort Jesus na kupenya kati ya nyumba za mawe, kanda haikuwa kitu kigeni. Mombasa ilikuwa na maduka kama Mbwana Radio yaliyorekodi waimbaji wa taarab na kuuza kanda zao, na redio ya kaseti ilisikika madirishani. (Jina la barabara hiyo ni la Kimvita: ‘ndia’ ndiyo ‘njia’ ya Kiswahili sanifu.)

Redio hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya wasioona, lakini iliwafaa mno. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa, kila kimoja mahali pake, na vilibonyea kwa mlio. Katika mashine nyingi, kurekodi kulihitaji vitufe viwili vibonyezwe kwa pamoja, hivyo haikuwa rahisi kufuta kanda kwa bahati mbaya. Aliyetaka usalama zaidi alivunja kijipande cha plastiki kilicho nyuma ya kanda, na mashine ikakataa kurekodi juu yake. Yote hayo yaliwezekana kwa vidole pekee.

Ni kweli kwamba kinasa sauti hakichukui nafasi ya breli. Anayesikiliza tu hajui neno linavyoandikwa, na ndiyo sababu wanafunzi wa shule kama ile ya wasioona ya Likoni, ng’ambo ya kivuko, hufunzwa nukta nundu kwanza. Hata hivyo, mashine ya breli ya Perkins ina uzito wa takriban kilo 5 na hugonga kwa kelele, ilhali kinasa sauti hutiwa mfukoni. Tatizo lake ni jingine: mhadhara wa saa moja huchukua saa moja kuusikiliza. Mwanafunzi mwenye mazoea hutamka tarehe na somo kabla ya mwalimu kuanza, na hubonyeza kitufe cha alama kila panaposemwa jambo zito ili baadaye arukie hapo moja kwa moja.

Vinasa sauti vya dijitali vilipoingia, vilileta nafasi kubwa. Kwa mfumo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa moja ya sauti hula megabaiti zisizofika 60. Kwa mfumo wa WAV wa ubora wa diski, saa hiyo hiyo hula zaidi ya 600. Kwa mazungumzo na mihadhara, MP3 inatosha kabisa. WAV ifae muziki, au sauti ya mzee ambayo familia inataka kuihifadhi kwa miaka mingi.

Lakini vifaa hivyo viliondoa vile vitufe vya kuaminika na kuweka kioo chenye orodha za maandishi. Kitufe kile kile hucheza, huhamisha au hufuta, kulingana na maandishi yaliyo kwenye kioo. Asiyeona huweza kupoteza kazi ya wiki nzima kwa kubonyeza mara mbili, bila mlio wowote wa kumwonya. Baadhi ya watengenezaji walilitambua hilo. Olympus ilitoa modeli zinazotamka orodha zake, na HumanWare ya Canada ikatoa Victor Reader Stream mwaka wa 2007, kifaa kinachorekodi, kinachosoma vitabu vya sauti na chenye vitufe vilivyopangwa kama vya simu. Simu za Android nazo zimekuwa na TalkBack tangu 2009, na injini ya sauti ya Google hutamka Kiswahili. Simu inafaa, ila huenda ikakatiza kurekodi mtu anapopigiwa, na betri yake inatumikia mambo mengi.

Ndia Kuu yenyewe ni mtihani mzuri wa kifaa. Upepo wa bahari huvuma vichochoroni na kuijaza rekodi mvumo, hivyo maikrofoni huvishwa sponji. Vidole navyo hukwaruza. Ni afadhali kifaa kining’inizwe kifuani. Ndani ya nyumba za mawe sauti huwa na mwangwi, kwa hiyo kisogezwe karibu na msemaji na kiwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, la sivyo kila kikombe cha kahawa kitakachotuliwa mezani kitasikika kama nyundo. Barazani, ni adabu kuwatangazia waliopo kwamba kinarekodi.

Wengine hurekodi njia. Hutembea mara ya kwanza na mtu anayeona na kunong’onezea kifaa: hapa harufu ya mbao, hapa ukuta umekatika, hapa kona. Rekodi hiyo husikilizwa nyumbani kabla ya kutoka. Barabarani masikio yana kazi nyingine, kwa kuwa pikipiki na tuktuk hupita karibu sana na mtembea kwa miguu, na fimbo nyeupe haina mbadala.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyotokana na mswada wa Seneta mteule Crystal Asige, mwenye ulemavu wa macho, ilichukua mahali pa ile ya 2003. Kenya pia ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka wa 2017, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa vya sauti au breli kwa ajili ya wasioona.

Dukani, mnunuzi asiyeona na aombe kifaa akishike mwenyewe: aanze kurekodi, asimamishe, aitafute rekodi hiyo na kuifuta, bila mwenye duka kumsomea kioo.