Baruti, Bunduki na Hukumu ya Windo: Pale Historia Inapomsaidia Mwanafiqhi

 

Baada ya darsa moja ya fiqhi, kijana mmoja alitujia na swali lililomkosesha raha. Baba yake huwinda kanga kwa gobori, na nyumba nzima imekula windo hilo miaka mingi. Sasa kijana amesoma katika kitabu kwamba mnyama aliyekufa kwa "bunduq" ni mzoga. Je, wamekuwa wakila mzoga? Tuliona kwamba swali hili halijibiki kwa kufungua ukurasa mmoja tu. Kwanza tujue bunduq ya vitabuni ni ipi, baruti ni kitu gani, na vimebadilika vipi.

Maneno na asili yake

Mswahili ameibeba historia hii ulimini mwake. Baruti ni barud, bunduki ni bunduq, risasi ni rasas, na kiberiti ni kibrit, yaani lile jiwe la manjano linalochanganywa na makaa na shura kupata baruti. Lakini hapo zamani barud lilikuwa jina la shura peke yake. Ibn al-Baytar, bingwa wa elimu ya dawa aliyezaliwa Málaga na kufariki Damascus mwaka 646H (1248), ameeleza kuwa matabibu wa kale wa Misri waliiita theluji ya China, na watu wa Maghrib wakaiita barud. Jina hilo latuonyesha ilikotoka elimu hii, kwani Wachina walikuwa wameandika michanganyiko yake katika kitabu cha kijeshi cha mwaka 1044.

Katika nchi za Kiislamu, Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki mwaka 694H au 695H, aliacha kitabu cha upandaji farasi na zana za vita chenye michanganyiko mingi ya baruti. Humo ameeleza namna ya kuisafisha shura kwa majivu ya kuni. Jambo hilo si dogo, kwa sababu shura chafu hunyonya unyevu, na baruti yenye unyevu haiwaki.

Ama bunduq, asili yake ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu. Kisha likawa jina la kidonge cha udongo kinachorushwa kwa upinde kuwapigia ndege. Hiyo ndiyo bunduq waliyoijua wanavyuoni wa mwanzo. Haikuwa na moto wala risasi.

Kila mtutu na baruti yake

Baruti ya mwanzo ilikuwa unga mtupu. Ikisafirishwa njia mbovu, viungo vyake viliachana, kizito kikashuka na chepesi kikapanda. Katika karne ya 15 mafundi wa Ulaya walizoea kuilowesha, kuikausha na kuivunja iwe chembechembe. Hapo ndipo ilipodhihiri kwamba baruti haichaguliwi ovyo. Chembe kubwa huungua polepole na hufaa mzinga. Chembe ndogo huungua upesi na hufaa silaha ya mkononi.

Sababu yake yaeleweka. Risasi ya bastola hupita mtutu mfupi na kutoka mara moja, hivyo baruti yake haina budi kuungua upesi kabla risasi haijatoka. Mzinga una tufe zito lisilosogea haraka. Ukitiwa baruti ya haraka, moshi na joto hujazana kabla tufe halijaondoka, na chuma hupasuka.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi mwingi, yenye nguvu maradufu kwa uzito ule ule. Tangu hapo hatari ya kukosea imezidi. Mwenye kujaza mwenyewe risasi za bastola, katika nchi zinazoruhusu jambo hilo, hutazama uzito wa risasi, nafasi iliyomo ndani ya ganda na urefu wa mtutu, kisha hufuata jedwali la mtengenezaji wa baruti na kupima kwa mizani. Naye mwenye kushindilia baruti ya kisasa katika gobori la kale anaweza kulipasua usoni pake.

Hapa fiqhi ina neno. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kutibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Kwa kipimo hicho, mwenye kujaza silaha kwa kukisia, ikampasukia jirani yake, asiseme ni kadari tu kisha akajivua. Kadari ni haki, na dhamana nayo ni haki.

Waliodharau na walionyimwa

Sultani Muhammad al-Fatih alipouzingira mji wa Constantinople mwaka 857H (1453) alikuwa na mizinga mikubwa, mmojawapo ukiwa wa fundi Urban kutoka Hungaria. Lakini wapanda farasi wa Mamluki waliona bunduki ni aibu kwa shujaa, na katika vita vya Marj Dabiq mwaka 922H (1516) majeshi ya Sultani Selim yakawavunja kwa mizinga na bunduki. Walikuwa Waislamu pande zote mbili, na walioidharau elimu ndio walioipoteza dola.

Kwetu Afrika mambo yalikuwa kinyume. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya bara hili, isipokuwa kwa masharti. Wenyeji waliachiwa njia ya kupata gumegume na baruti ya kawaida tu. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, mwenye gobori alisimama mbele ya bombomu.

Kauli za wanavyuoni

Tumrudie sasa kijana wetu. Qur'ani katika Suratul Maida imeharamisha al-mauqudha, yaani mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito. Na katika hadithi ya Adiyy bin Hatim (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametenganisha kilichouawa kwa ncha iliyotoboa na kilichouawa kwa ubavu wa fimbo: cha kwanza kinaliwa, cha pili ni mauqudha. Ibn Umar (R.A.) akakihesabu kilichouawa kwa bunduq kuwa ni mauqudha. Ni bunduq ya udongo.

Bunduki ya moto ilipokuja, wanavyuoni wakakhitalifiana. Ibn Hajar al-Haytami, imamu wa Kishafi (974H), aliizuia kwa sababu huunguza na huua upesi. Ibn Abidin, Mhanafi (1252H), alisema risasi haina makali, bali huua kwa kuunguza na kwa uzito unaosukumwa kwa nguvu. Ad-Dasuqi, Mmaliki (1230H), akatufungulia mlango wa historia: hakuna nassi ya wa mwanzo juu ya risasi, kwa sababu imezuka pamoja na baruti katikati ya karne ya nane Hijria, wa baadaye wako walioikataa kwa kuilinganisha na udongo, na wako walioiruhusu kwa kuwa humwaga damu na kumaliza roho upesi. Ash-Shaukani wa Yemen (1250H) akahalalisha kwa hoja kwamba risasi hutoboa, ikaingia upande huu na mara nyingi ikatokea upande wa pili.

Tunaloliona sisi ni kwamba illa, yaani sababu ya hukumu, ni kutoboa. Risasi iliyotoboa ikamwaga damu, na mwindaji akataja jina la Allah alipofyatua, kauli ya kuhalalisha ina nguvu. Ama baruti dhaifu au iliyoingia unyevu ikirusha marisau yasiyopenya, kanga akafa kwa kishindo tu, huyo ni mauqudha kwa kauli zote. Kwa hiyo ubora wa baruti unaingia hadi ndani ya chungu.

Tulimwambia kijana: mliyokula mlikula mkifuata kauli ya wanavyuoni wanaotegemewa, basi msihukumiane kwa mizoga. Kuanzia sasa baba achukue kisu kikali, ataje jina la Allah kabla ya kufyatua, na akimkuta ndege angali na uhai, amchinje. Hapo hakuna aliyekhitalifu. Na anayetaka kushika kauli ya Ibn Hajar kwa uchamungu ana haki yake, asimlazimishe mwenziwe.

Wallahu a'lam.