KENYA: TAARIFA KABLA YA KANUNI

Mwezi Oktoba 2003 Serikali ya Kenya, kupitia kwa Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, ilitoa kanuni mpya za magari ya abiria. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo zilianza kutumika tarehe 1 Februari, 2004. Ijapokuwa wenye magari walikuwa wamepewa miezi kadhaa ya kujitayarisha, siku ilipowadia magari mengi hayakuonekana barabarani, na wananchi wengi wakaenda kazini kwa miguu.

Tukio hilo lilitoa funzo. Tangazo la kanuni iliyokwisha kuamuliwa humpa mfanyabiashara mdogo muda wa kutii. Halimpi nafasi ya kueleza mapema kama vifaa vinapatikana, wala kama gharama yake inabebeka.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 10, iliutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. Mwaka 2013 ikaanza kutumika sheria inayosimamia utungaji wa kanuni. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kabla ya kutunga kanuni itakayogusa biashara, mwenye mamlaka hana budi kushauriana na wale watakaoathirika.

Mwaka 2017 ikaja marufuku ya mifuko ya plastiki, baada ya majaribio ya mwaka 2007 na 2011 kutofaulu. Tangazo lilikuwa la tarehe 28 Februari, na utekelezaji ukaanza tarehe 28 Agosti, yaani miezi sita baadaye. Adhabu yake ilikuwa kali: faini iliweza kufika shilingi milioni nne, au kifungo cha miaka minne.

Adhabu ya namna hiyo ikimwangukia muuza mboga asiyepata habari, biashara yake imekwisha. Naye anayekutana na muuza mboga huyo sokoni si waziri aliyetia sahihi, bali ni askari. Lawama zote humwangukia yeye. Kwa hiyo taarifa inayotolewa mapema, kwa lugha inayoeleweka sokoni, humkinga mfanyabiashara na hasara, na humpa askari kazi ya kusimamia sheria ambayo wananchi wanaijua.